Mitaa ya Leicester kwa Mwendo wa Mama

Mama alipotufikia Leicester mwanzoni mwa Septemba, jambo alilolikataa lilikuwa moja tu: kubadili saa yake ya mkononi. Aliivaa kama ilivyotoka Tanga, ikisoma wakati wa Tanga, na kila tulipomtajia saa za hapa aliitazama kwanza ile yake, akahesabu kimoyomoyo, ndipo akaitikia. Mengine yote aliyapokea kwa upole: chakula, soksi za sufu, chumba kilichopashwa moto, na ukimya. Huo ukimya sisi tulidhani ni mapumziko.

Hapana budi tukiri tulivyokuwa tukiishi. Sisi ni mume na mke, sote tuna kazi, mmoja wetu kwa zamu. Nyumba yetu ipo katika mtaa mdogo unaochepuka kutoka Evington Road, nje kidogo ya katikati ya mji, na kwa miaka sita tuliyokaa hapo tumekuwa tukitoka mlangoni na kuingia garini. Shule kwa gari, msikitini kwa gari, dukani kwa gari, hata duka lenyewe likiwa ng'ambo ya njia panda. Mama tulimweka kando ya dirisha la mbele, mfano wa amana ya thamani isiyopaswa kuguswa na upepo. Usiku mmoja mwanzoni mwa Oktoba, baada ya swala ya Isha, alituambia bila kulalamika: "Wanangu, nirudisheni nyumbani. Hamjanikosea kitu. Ila hapa sina mtu."

Tiketi yake ilikuwa ya Februari. Tulisikitika, tena tuliona haya. Tukamwomba asubiri hadi mwisho wa mwezi. Ikiwa moyo wake utakuwa haujatulia, tutaibadili. Aliridhia kwa sharti. "Basi nitoeni nje. Niuone huo mji wenyewe, nisije nikaulizwa Tanga nikawa sina la kusema."

Ndivyo tulivyoanza kutembea, kila alasiri ambayo mmoja wetu alikuwa huru, na Jumamosi na Jumapili sote wanne pamoja na binti yetu wa miaka 9.

Shuleni tulifundishwa kuyaita majira haya mapukutiko, na wengine huyaita vuli. Lakini kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua za miezi hii hii, wakati ardhi inapovaa majani. Hapa ndio wakati miti inapoyavua. Mama hakuhitaji istilahi. Siku ya kwanza alisimama chini ya mti uliokwisha kuwa mwekundu juu na kijani chini, akaokota jani, akaligeuza, akasema, "Kumbe ni kama mkungu." Nasi tukashangaa kwamba hatukuwahi kulifikiria. Kila aliyekulia pwani ameuona mkungu ukitia majani yake wekundu kabla ya kuyaangusha, na ameyafagia uani. Tofauti ni kwamba mkungu hufanya shughuli yake peke yake, kwa wakati wake, huku minazi na miembe ikibaki kijani. Hapa mji mzima unaingia zamu moja.

Binti yetu, ambaye somo hilo alilipata darasani, alimweleza bibi yake jinsi linavyokwenda. Rangi ya manjano haiji kutoka popote. Imo ndani ya jani tangu mwanzo, ila imefunikwa na ukijani. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza ukijani ule, huvuta shinani kile unachoweza kukiokoa, kisha hujenga utando mwembamba pale kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani huachia bila kuacha kidonda. Wekundu ndio hutengenezwa upya siku za mwisho. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamkumbusha mjukuu wake ile aya ya 59 ya Suratul An'aam inayotaja jani linaloanguka, akamwambia aisome atakaporudi nyumbani na amletee tafsiri yake. Mtoto aliileta usiku ule ule.

Kutoka mlangoni kwetu hadi Evington Road ni dakika tano kwa mwendo wetu. Kwa mwendo wa Mama ni robo saa, na mwanzoni robo saa hiyo ilitutesa. Hatukujua la kufanya na macho yetu. Baadaye tulianza kuona. Tuliona kwamba nyumba za mtaa wetu, tulizodhani zote ni moja, kila moja ina kitu chake: hii ina kioo cha rangi juu ya mlango, ile ina vigae vya maua ukumbini vinavyoonekana mlango ukiachwa wazi, ile nyingine ina mwaka uliochongwa kwenye jiwe karibu na paa. Ni nyumba za matofali mekundu zilizoshikana bega kwa bega, zilizojengwa wakati Leicester ilipokuwa ikiishi kwa kufuma soksi na fulana na kushona viatu. Viwanda vyenyewe vilijengwa humo humo baina ya nyumba, ili mfanyakazi aende kazini kwa miguu. Kwa maneno mengine, mitaa hii ilipimwa kwa hatua ya mtu, nasi kwa miaka sita tulikuwa tukiipita kwa magurudumu.

Mama aliona upungufu mmoja kabla ya jingine lolote. "Nyumba hizi hazina baraza," alisema. "Mtu akichoka akae wapi? Na mwenye nyumba akitaka kuwaona watu?" Ni kweli. Kwetu baraza imejengwa pamoja na nyumba, na marehemu Baba alimaliza nusu ya umri wake juu ya baraza, bao mbele yake. Hapa kilichopo ni ukuta mfupi wa matofali, wa kimo cha goti, unaotenga bustani ndogo ya mbele na njia ya waendao kwa miguu. Siku ya tatu au ya nne magoti ya Mama yalikataa, naye akakaa juu ya ukuta wa nyumba tusiyoijua, kama mtu aliyefika kwake.

Tuliona aibu kubwa. Tulimsihi asimame, tukamwambia kwamba watu wa hapa hawapendi. Pazia likasogea. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka bibi wa Kiingereza mwenye mvi, amevaa aproni, akauliza kama kuna mgonjwa tuite gari la hospitali. Tulieleza. Alimtazama Mama, akatazama ukuta, akasema ukuta una unyevu na utamletea maumivu ya kiuno. Akaingia ndani, akarudi na kiti cha jikoni. Akakiweka njiani, akarudi tena na kikombe cha maji. Mama alikaa, akanywa, akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili, na yule bibi akaitikia kwa kutikisa kichwa kila ilipofika nukta, kana kwamba anaelewa. Tangu siku ile kila tulipopita hapo alasiri tulikuta kiti kimetangulia kuwekwa nyuma ya ukuta, ndani ya bustani, kimefunikwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Jina lake tulilijua wiki hiyo. Tumekuwa majirani zake kwa miaka sita, hatua mia mbili baina ya mlango na mlango, na katika yote tuliyosomeshwa juu ya haki za jirani hatukuwahi kujiuliza huyu ni nani.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Jioni moja gari lilipunguza mwendo, kijana akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele neno ambalo hatutaliandika katika ukurasa unaosomwa na watoto, kisha gari likaondoka kwa kasi. Binti yetu alitushika mkono. Mama aliuliza amesema nini. Tukanyamaza, tukitafuta la kumjibu. "Basi, msihangaike," alisema. "Tusi halihitaji mkalimani." Aliendelea kutembea. Mwendo wake haukubadilika, ila usiku ule hakuzungumza sana, nasi tulihesabu siku zilizobaki kufikia mwisho wa mwezi tukiwa na mashaka.

Evington Road yenyewe ni njia ya maduka: vitambaa, nyama ya halali, vitabu vya dini, keki, vinyozi. Katika duka moja la mboga Mama alisimama mbele ya kasha. Juu yake palikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: MOGO. Ndani ya kasha mlikuwa na mihogo, imepakwa nta iking'aa kama viatu.

"Muhogo huu wa wapi?" Mama aliuliza, akiwa amesahau mahali alipo, kwa Kiswahili.

Nyuma ya mizani alikuwa amekaa mwanamke wa Kihindi, umri wake kama wa Mama, mtandio mweupe kichwani. Aliinua uso. "Hii toka Costa Rica, mama," alijibu. "Lakini tamu. Ya Kampala hapana pata."

Mama alimtazama, akatutazama sisi, akamtazama tena. Akatoa salamu, akajibiwa. Kisha wale wawili wakaanza kuzungumza kama watu walioachana jana. Kiswahili cha yule mwanamke kilikuwa cha jikoni na dukani, kisicho na ngeli wala viambishi, lakini hakikukosa kitu kilichohitajika. Alizaliwa Kampala. Nyumbani kwake, alisema, hata wajukuu waliozaliwa Leicester na wasioijua Afrika huita kisu kisu, na fagio fagio, na sufuria sufuria, wakidhani ni Kigujarati.

Tulirudi dukani hapo mara nyingi, na kidogo kidogo tukaisikia habari yake. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wasio raia watoke Uganda, akawapa siku 90. Mwezi uliofuata Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwasihi wanaofukuzwa wasije Leicester, kwa maslahi yao na ya familia zao, kwa kuwa nyumba, shule na huduma nyingine zimejaa. "Baba yangu soma gazeti," alisimulia akicheka, "akauliza: Leicester ndiyo wapi? Hatujasikia hii. Basi sasa tumesikia." Waliokuja Uingereza walikuwa zaidi ya 27,000, na maelfu kati yao waliishia katika mji uliowaambia wasije. Ndege za kwanza zilitua Stansted Septemba hiyo, na muda wa mwisho ukawa Novemba. Maana yake ni kwamba umati wote ule, kutoka nchi ya jua la ikweta, uliingia katika majira haya haya tunayoyatembea, wengi wakipelekwa kwanza katika kambi za zamani za jeshi. Yeye alikuwa msichana wa miaka 19. Alikumbuka wanawake wa Kiingereza wa kujitolea waliowagawia makoti, na kwamba lake lilikuwa la mwanamume, refu hadi kwenye kifundo cha mguu. Na alikumbuka miti. Alidhani imekufa. Alimwambia baba yake kwamba nchi hii ina maradhi ya miti, naye baba hakuwa na jibu la kumpa. Walingoja hadi Aprili ndipo wakajua.

Mama alisikiliza akiwa amekaa juu ya kreti la vitunguu. Aliuliza swali ambalo sisi tusingethubutu. "Ukazoea lini?"

"Siku nimeenda kiwandani kwa miguu, nikajua njia," alijibu. "Mtu jua njia, basi."

Baada ya hapo Mama alitaka kujua njia. Hakuridhika tena na kuongozwa. Tulishuka naye hadi East Park Road, palipokuwa na kiwanda cha mashine za kuchapia cha Imperial Typewriters, ambacho wafanyakazi wake wa Kiasia, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma mwaka 1974 wakidai kwamba hawatendewi sawa na wenzao weupe. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa, na watu wale wakabaki, wakafungua maduka na karakana. Tulipanda bustani ya Spinney Hill, iliyo wazi kwa wananchi tangu 1886, mteremko mmoja mkubwa wa majani. Hapo Mama aliteleza. Majani yaliyolowa ni utelezi kama wa sabuni, jambo ambalo tungepaswa kumwonya. Alianguka kwa upande, taratibu, na kwa muda wa pumzi tatu hatukusikia sauti yake, tukaona mbele ya macho yetu nyonga iliyovunjika na lawama ya ukoo mzima. Kisha akaanza kucheka. Hakuumia, alhamdulillahi. Tuliokuwa na hali mbaya ni sisi. Siku ya pili tulimnunulia viatu vyenye soli ya meno, naye akadai na bakora, akapata.

Upande wa pili, kuelekea Stoneygate, nyumba ni kubwa, zimejitenga, na miti yake ina umri. Huko binti yetu aliokota zile kokwa za kahawia ambazo watoto wa Kiingereza huziita conker, huzitoboa, huzitia uzi na kuzigonganisha hadi moja ipasuke. Haziliwi; zina sumu. Zikitoka katika ganda lake la miiba hung'aa kama fanicha iliyopigwa vanishi, na baada ya siku chache ung'avu hufifia. Mama alizipima kiganjani, akasema zingekuwa ndogo kidogo tu zingefaa kuwa kete za bao. Hata hivyo alitia mifuko yake ya koti ikajaa, na tangu hapo alipotembea alisikika.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja. Ghafla Magharibi, iliyokuwa karibu na saa kumi na mbili jioni, ikawa saa kumi na moja kasorobo. Hii ndiyo siku ambayo wageni wengi wa nchi hii huvunjika moyo. Tulimngojea Mama kwa hofu, maana ahadi yetu nayo ilikuwa imefika. Alitoka chumbani baada ya swala, saa yake mkononi, akiwa na habari ya kutupa.

Tangu Oktoba mosi, alisema, alikuwa akiangalia saa yake kila jua linapozama. Siku ile ya kwanza ilisoma saa tatu kasorobo usiku. Watu wa Tanga walikuwa wamekwisha kuswali Isha na wengine wamelala, naye ndiyo kwanza anatandika msala kwa ajili ya Magharibi. Wiki iliyofuata pengo likapungua. Ikawa saa mbili na nusu, kisha saa mbili na robo. Leo, pamoja na fujo zote za kurudisha saa nyuma, kwake hakuna kilichorudi: saa yake imeendelea na hesabu yake, na imesoma kama saa mbili kasorobo. "Kila siku jua la hapa linazama karibu zaidi na la kwetu," alisema. "Nyinyi mnalia giza linaingia mapema. Mimi naona linanisogelea."

Tulikaa kimya tukihesabu. Alikuwa sahihi. Kwetu pwani Magharibi haihami sana mwaka mzima, hukaa baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo au karibu na hapo. Ya Leicester ndiyo inayosafiri, na katika majira haya husafiri kwa haraka, ikielekea huko huko. Mwishoni mwa Novemba pengo lingekuwa dogo kuliko saa moja.

Tulimuuliza kuhusu tiketi. Alisema Februari ni mbali, hawezi. Lakini mwisho wa mwezi nao ni haraka, kwa kuwa amemwahidi yule dada wa dukani kwenda kumpikia muhogo wa nazi kwa namna unavyopikwa, si kama wanavyoukaanga hapa. Tukaafikiana Desemba.

Novemba matembezi yalifupika. Tarehe 5 Waingereza hurusha fataki usiku kukumbuka njama iliyoshindwa ya kulilipua Bunge lao mwaka 1605, na Mama, aliyezisikia bila kuambiwa, alituita sote tulale sakafuni. Miti ilibaki mifupa. Majani yaliyokuwa mekundu yakawa tope la kahawia kando ya barabara, na gari la halmashauri lenye mabrashi likapita likiyafagia. Uzuri uliisha, tusidanganyane; mwezi huo Leicester ni mji wa kijivu. Mama aliendelea kutoka. Alitangulia yeye sasa, bakora mkononi, akitutajia kona kwa majina aliyozipa mwenyewe: kwa Kiti, kwa Mkungu, kwa Muhogo. Jioni moja umeme wa taa za barabarani ulikatika katika mtaa wetu, na aliyetufikisha mlangoni bila kupapasa ni yeye.

Aliondoka wiki ya pili ya Desemba. Siku ya mwisho jua lilizama saa kumi kasoro dakika chache, na saa yake ikasoma saa moja kasoro. Alitwambia kwamba Tanga adhana ya Magharibi imeadhiniwa chini ya nusu saa iliyopita.

Sisi bado tunatembea, ingawa si kila siku. Bibi wa kiti alituuliza habari zake mara tatu kabla ya Krismasi yao. Na mwenye duka, kila tunapoingia, hauzi kitu kabla ya kupiga simu: huichukua simu yetu mkononi, husogea nyuma ya magunia ya mchele, na tunamsikia akipaza sauti, "Mama! Habari ya jua huko?" Hapo tunatoka nje kuwaachia nafasi, tunasimama kwenye baridi ya Evington Road na mihogo yetu ya Costa Rica, tukingoja wamalize. Huchukua muda.